Kuuza sasa au kusubiri: mkulima wa mahindi njia panda

MSIMU wa mavuno unapofika katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, kati ya Mei na Agosti, swali huwa lilelile katika vijiji vya Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe, Rukwa na Ruvuma: kuuza sasa au kuweka. Kwa kawaida bei huwa chini kabisa wakati mahindi yanapopukuchuliwa, na hupanda kuanzia Desemba hadi Machi, miezi ya kifuku ambapo vihenge vya kaya nyingi huwa vimekauka. Hakuna mkulima asiyelijua hilo. Hata hivyo wengi huuza Julai, tena kwa lumbesa, na baadhi yao huonekana sokoni Februari wakinunua mahindi kwa debe.

Wafanyabiashara wa mjini wamezoea kusema kwamba mkulima hana elimu ya biashara. Hesabu haiungi mkono maneno hayo.

Chukua mfano wa gunia la kilo 100 lenye thamani ya Sh 50,000 mwezi Julai, yaani Sh 500 kwa kilo. Mwenye gunia akiamua kulihifadhi miezi sita atahitaji gunia zuri na dawa, tuseme Sh 3,000, na pango la ghala Sh 500 kwa mwezi, ambalo ni Sh 3,000 nyingine. Nafaka nayo hupungua. Hukauka, huliwa na wadudu na panya, humwagika wakati wa kupakia. Zikipotea kilo tano, Januari zitabaki 95 za kuuza. Kwa mtu asiyedaiwa, gharama zote zimefika Sh 56,000, na kila kilo haina budi kuuzwa kwa Sh 590 ndipo arudishe thamani aliyokuwa nayo Julai. Hilo ni ongezeko la asilimia 18, na bei ya mahindi kupanda kiasi hicho kutoka mavuno hadi kifuku si jambo la ajabu.

Sasa mtazame jirani yake mwenye gunia kama hilo lakini mwenye shida ya fedha mwezi huohuo wa Julai. Ili asiuze, inambidi akope Sh 50,000. Kwa riba ya asilimia tatu kwa mwezi, ambayo si kali ikilinganishwa na wakopeshaji wa mitaani, miezi sita inamgharimu Sh 9,000 zaidi. Gharama zake ni Sh 65,000 kwa kilo zilezile 95, na bei anayohitaji ili asipate hasara ni karibu Sh 685. Soko lazima lipande kwa asilimia 37 kabla hajaona faida ya hata senti moja. Wote wawili wana mahindi ya aina moja na wanasoma bei ileile kutoka Tandale, lakini uamuzi ulio sahihi kwa mmoja ni hasara kwa mwingine. Yuko pia wa tatu, aliyechukua fedha za mbolea kwa mchuuzi mwezi Februari kwa ahadi ya kulipa magunia. Huyo hana cha kuamua Julai.

Hesabu hii inamhusu pia msomaji mwenye mtaji mdogo anayefikiria kununua magunia 200 Sumbawanga na kuyaweka. Yeye ana nauli ya lori, ushuru wa mazao na posho ya dalali juu ya gharama zilizotajwa. Akitumia fedha ya mkopo, yuko katika kundi la mkulima wa pili.

Uchunguzi wa Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2019 ulilipima jambo hili shambani. Wakulima waliopewa mkopo wakati wa mavuno waliweza kuhifadhi mahindi yao na kuuza baadaye, na faida ilifikia asilimia 29 ya fedha waliyokopeshwa. Lakini kuna sehemu ya matokeo hayo ambayo wenye maghala wanapaswa kuisoma mara mbili. Pale ambapo wakulima wengi wa eneo moja walipata mkopo, bei ya mavuno haikuporomoka sana na bei ya miezi ya baadaye haikupanda sana, hivyo faida ya kila mmoja ilipungua. Faida ya kusubiri hutoka kwa wale wasioweza kusubiri.

Enzi za Shirika la Usagishaji la Taifa (NMC) suala hili halikuwapo, kwa kuwa bei ilitangazwa na serikali na haikubadilika kwa mwezi. Soko huria limemwachia mkulima uamuzi, na pamoja nao hatari ambayo hakuna hesabu ya riba inayoweza kuipima: mpaka.

Mwaka 2017 ndio mfano ambao wenye maghala hawajausahau. Mwanzoni mwa mwaka huo bei zilikuwa juu mno baada ya mvua za vuli za 2016 kuwa haba, na waliovuna katikati ya mwaka walikuwa na kila sababu ya kuweka. Mwishoni mwa Juni, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kuzuia mahindi kwenda nje ya nchi, na kuwataka wenye nia ya kuuza nje wapeleke unga. Mavuno ya kusini yalikuwa mazuri. Mahindi yaliyokuwa yanategemea wanunuzi wa Kenya yakabaki ndani, na hata zuio lilipoondolewa baadaye bei za Nyanda za Juu Kusini ziliendelea kuwa duni hadi mwaka 2018. Waliouza Julai kwa haraka, wale wanaoitwa wajinga, walitoka salama kuliko waliosubiri.

Pigo linaweza pia kutoka upande wa pili. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache ikayaruhusu tena kwa masharti, likiwamo la cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi kiwango cha 10 kwa bilioni. Halafu ukaja msimu wa 2022. Ukame ulikuwa umeikausha Kenya kwa misimu kadhaa mfululizo, wanunuzi wakashuka kusini na fedha mkononi, na bei ikapaa mwishoni mwa mwaka huo na mwanzoni mwa 2023. Walioweka wakavuna.

Ukiitazama miaka hiyo miwili kwa pamoja, ni vigumu kumlaumu mkulima anayegawa mzigo wake: theluthi moja Julai kulipa madeni, sehemu nyingine Oktoba, iliyobaki baada ya Krismasi. Hapati bei ya juu kuliko wote, lakini hakuna tangazo la siku moja linaloweza kumfilisi.

Kwa anayeweka, mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango cha Afrika Mashariki. Yakiwekwa mabichi huota ukungu, na sumukuvu huanzia hapo. Dumuzi, mdudu aliyeingia Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kubandikwa jina la Scania, hugeuza gunia kuwa unga kwa miezi michache. Mifuko ya tabaka tatu humkosesha hewa bila dawa, mradi isitobolewe. Stakabadhi ghalani, iliyopewa sheria yake mwaka 2005, ilikusudiwa kumpa mkulima mkopo kwa dhamana ya mzigo uliomo ghalani. Imeshika kwenye korosho kuliko kwenye mahindi.

Anayefuatilia soko kwa wiki ana mambo machache ya kuangalia. La kwanza ni siku ambayo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) unafungua vituo vya kununua, na bei unayotangaza. La pili ni mavuno ya Trans Nzoia na Uasin Gishu, yanayoanza Oktoba; kabla ya hapo mnunuzi wa Kenya ana njaa, baada ya hapo ana mahindi yake. La tatu ni vuli ya mikoa ya kaskazini. Ikinyesha vizuri, mahindi yake huingia sokoni Januari na Februari, na mwenye ghala Mbeya aliyekuwa anasubiri Machi hukutana nayo Dar es Salaam yakiwa yameshapangwa.