Kuumba na Muumba: Je, Lugha Yaweza Kuamua Hoja?

Okot p'Bitek, katika kitabu chake juu ya dini za Kiafrika na wataalamu wa Magharibi kilichotolewa mwaka 1970, asimulia kwamba mwaka 1911 mapadre wa Kitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi, kaskazini ya Uganda, swali lionekanalo jepesi: ni nani aliyewaumba? Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kwa maana waliyoikusudia mapadre. Basi swali likafasiriwa kuwa, ni nani aliyewafinyanga? Wazee wakasema hawajui, kwani watu huzaliwa na mama zao, hawafinyangwi. Waliposhikiliwa wajibu, mmoja alikumbuka kwamba yuko mtu azaliwaye mzima, kisha kifua kikuu cha uti wa mgongo kikampinda, na maradhi hayo huletwa na Rubanga. Akajibu kwamba Rubanga ndiye afinyangaye watu. Mapadre wakalishika jina hilo, nalo likaingia katika sala za Wakristo wa Kiacholi.

Wako wakionao kisa hiki kuwa kichekesho tu. Mimi naona chatuuliza sisi pia. Mtu aulizapo kwa Kiswahili kama ulimwengu una muumba, je, maneno yake yaacha nafasi ya kujibu hapana?

Kitenzi umba ni cha Kibantu cha kale. Kwa Waganda kubumba ni kufanya vyungu, na mubumbi ni mfinyanzi. Wanyarwanda nao wasema kubumba kwa kazi hiyo hiyo. Kwa Wakikuyu, Mumbi ni jina la mama wa kabila zima. Katika Kiswahili sauti b ya mwanzo imetoweka, na kazi ya udongo imechukuliwa na kitenzi finyanga, hata umba likabaki zaidi kwa Mungu. Maana yake ikapanuka hapo lilipotwikwa mzigo wa maneno mageni: khalaqa la Kiarabu, ambalo kale lilikuwa pia na maana ya kupima ngozi kabla ya kuikata, na bara la Kiebrania, ambalo katika hali yake sahili mtendaji wake ni Mungu peke yake. Basi fundisho la kuumba pasipo kitu halikuzaliwa ndani ya neno letu. Mfinyanzi ana udongo mbele yake daima.

Ama sarufi, yaonekana kuelemea upande mmoja. Kiulizi nani chataka mtu. Aulizaye "nani aliumba" amekwisha kumweka mtendaji mahali pake kabla hajajibiwa. Umbwa nalo ladai mtendaji, ijapokuwa hatajwi. Umbika halimdai, lakini mazoea ya watu yamelielekeza kwenye uzuri wa umbo, hata msichana akasifiwa kuwa ameumbika. Zaidi ya hayo, mwalimu wa elimu ya viumbe, awe anaamini au haamini, hana budi kusema viumbe hai na maumbile. Akikana Muumba itampasa aseme kwamba viumbe havikuumbwa, na wasikilizaji watacheka.

Lakini kicheko si hoja. Sote twasema jua limezama, na hakuna anayetumia usemi huo kupinga kwamba dunia ndiyo izungukayo. Neno hutunza fikira za wale waliolitumia kwanza. Halithibitishi kwamba fikira hizo ni za kweli. Kosa hili hufanywa na pande zote mbili. Yuko aonaye jina Mungu kuwa ushahidi kwamba Wabantu walimjua Muumba mmoja tangu kale. Yuko pia ashikaye ngeli yake, kwa kuwa wingi wake ni miungu, si waungu, akadai kwamba asili yake ni nguvu isiyo nafsi. Hoja hii ya pili yanishangaza zaidi. Mtume na mitume wamo katika hali hiyo hiyo, na hakuna asemaye kwamba mitume hawakuwa watu.

Mwingereza William Paley, mwaka 1802, aliutazama ulimwengu kama saa iliyookotwa njiani, akasema kwamba saa haikosi mtengenezaji. Mfano wake ni wa fundi wa vyuma, wetu ni wa mfinyanzi. Yote miwili yamtangulizia mtendaji. Hoja yake hupimwa kwa kuuliza kama kweli ulimwengu wafanana na kitu cha kutengenezwa, na swali hilo kamusi haiwezi kulijibu.

Wengine washauri tutumie neno chanzo, kwa kuwa halimtaji mtu. Lemaître, padre na mtaalamu wa hesabu wa Ubelgiji, alipotoa mwaka 1931 nadharia yake kwamba ulimwengu ulianza kwa chembe moja, alikuwa mwangalifu asiichanganye na habari ya kuumbwa, chanzo lingemfaa. Hata hivyo neno hili nalo halikosi upande, maana latokana na kuanza. Ibn Sina alishikilia kwamba ulimwengu hauna mwanzo katika wakati, na juu ya hayo wamtegemea Mungu kwa kila nukta ya kuwako kwake. Ghazali akampinga vikali katika kitabu alichokimaliza mwaka 1095. Mwenye kuufasiri mjadala huo kwa Kiswahili atahitaji neno la Muumba asiyeanzisha, na mpaka sasa tuna maelezo yake tu.