Sura ya 5: Kipokezi Kipo Wapi?

Abiria aliyepanda basi Arua, Uganda, alfajiri bila kula hujisahau njiani. Anaposhuka Koboko, harufu ya samaki aitwaye angara kwenye rojo ya ufuta ikimpiga puani, mate yanamjaa. Tumboni nako kazi imeshaanza: asidi inamwagika kabla hajamega tonge la kwanza la enyasa, ugali wa huko. Mwanasayansi Ivan Pavlov aliionyesha hali hii kwa mbwa, na mwaka 1904 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya umeng'enyaji wa chakula.

Ujumbe huo hushuka kutoka ubongoni kupitia neva ya vagasi. Kwenye ukuta wa tumbo, neva hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, nayo hunasa kwenye kipokezi: protini iliyojipachika kwenye utando wa seli, ikingoja kemikali yake na si nyingine. Seli inayotoa asidi ina kipokezi cha asetilikolini, kinachoitwa M3, na vingine vya kemikali mbili za mwili: cha histamini na cha gastrini. Mtafiti wa dawa James Black alipotafuta cha kuzibia kile cha histamini, ilipatikana simetidini, dawa ya vidonda vya tumbo iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1976. Mgonjwa hupata nafuu kwa sababu kuna aliyejua mahali pa kuziba.

Ili kukiona kipokezi, tumbo la panya wa maabara hugandishwa na kukatwa vipande vyembamba, unene wa sehemu moja ya mia ya milimita. Juu yake hudondoshwa kingamwili, protini iliyotengenezwa ikishike kipokezi kimoja tu, ikiwa imebeba rangi inayong'aa. Kwenye hadubini, seli zenye kipokezi hicho zinawaka kijani.

Hapo ndipo uangalifu unapohitajika. Kingamwili huweza kunasa protini nyingine kabisa. Ili kuijaribu, huchukuliwa panya asiye na jeni ya kipokezi hicho. Tumbo lake likiwaka vilevile, rangi imedanganya. Mwaka 2009 watafiti nchini Ujerumani walizijaribu hivyo kingamwili za vipokezi vya jamii ya M3, na nyingi zilishindwa: ziliwaka hata pasipo na kipokezi.

Panya hawa wametoa uhai wao. Tunawaheshimu kwa kutoandika "kipo hapa" kabla ya kutazama, kwa hadubini ileile, tumbo ambalo hakimo.