Leja Isiyokubali Kugawanywa

Barabara ya Nairobi Expressway ilipokuwa inaanza kujengwa mwaka 2020, mugumo mmoja wa miaka mingi kando ya Waiyaki Way, Westlands, ulikuwa katika orodha ya miti ya kuondolewa. Watu wakapiga kelele, na Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akaamuru uachwe. Jamaa za mti huo wanaoota katika misitu ya Queensland, Australia, ndio waliompa Martin Fowler, mtaalamu wa programu, jina la mbinu aliyoieleza mwaka 2004. Mbegu ya mugumo huota juu ya mti mwingine, mizizi yake ikateremka pole pole hadi ardhini, ikauzingira mti uliouhifadhi, mpaka huo wa ndani unakauka na mugumo unasimama kwa nguvu zake. Fowler akashauri mifumo mikongwe ya kompyuta ibadilishwe hivyo hivyo: huduma mpya inyakue kazi moja, kisha nyingine, wateja wakiendelea kuhudumiwa.

Kampuni za Nairobi zenye mifumo ya zamani zimeipenda mbinu hii, na kwa upande wa programu inafaa sana. Kasheshe huanza ikifika zamu ya data.

Tuchukue mfumo wa malipo wa kawaida. Una hifadhidata moja yenye majedwali ya wateja, mawakala, salio, miamala na mikopo, yote chini ya paa moja. Mtu akituma shilingi 500, mistari miwili huandikwa kwa pamoja: huyu apunguziwe, yule aongezewe. Seva ikizimika katikati, mistari yote miwili hufutwa kana kwamba hakuna aliyebonyeza kitu. Walioandika programu hawakulazimika kuufikiria ulinzi huo, kwa sababu hifadhidata iliutoa yenyewe. Sasa peleka salio kwenye hifadhidata moja na mikopo kwenye nyingine, kila moja na timu yake. Ulinzi ule umekwisha, na hakuna ujumbe wa hitilafu utakaokuarifu.

Wakenya wameishi na mgawanyiko wa aina hii tangu Novemba 2012, bila kuuita jina lolote. Mwezi huo Safaricom na benki ya CBA, ambayo sasa ni NCBA, zilizindua M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kwa simu. Akaunti ya M-Pesa iko kwa Safaricom. Akiba ya M-Shwari iko kwa benki. Ni kampuni mbili zenye leja mbili, moja makao yake Westlands na nyingine Upper Hill, na wakati huo seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Zilihamishiwa Kenya Aprili 2015. Ukihamisha shilingi 500 kwenda akiba, hakuna hifadhidata moja inayoweza kuzifunga hatua zote mbili. Hata hivyo unapokea ujumbe mmoja unaotaja salio la huku na la kule, mambo yakionekana shwari kama jina lenyewe.

Jibu la kinadharia kwa mgawanyiko huo ni la mwaka 1987. Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem wa Chuo Kikuu cha Princeton walipendekeza muamala mrefu ukatwe vipande, na kila kipande kiwe na kipande cha kukirekebisha. Pesa zimetoka lakini hazikupokelewa? Usijaribu kufuta historia. Andika muamala mwingine wa kuzirudisha. Mbinu hiyo waliiita saga. Gharama yake ni kwamba kuna muda, pengine sekunde, pengine dakika, ambapo pesa zimetoka huku na hazijaonekana kule. Aliyesimama mbele ya kaunta ya duka Tom Mboya Street huku mwenye duka akisema "bado haijaingia" anaujua muda huo vizuri kuliko mhandisi yeyote.

Kuna mtego wa pili. Mtandao ukikatika kabla jibu halijarudi, mfumo hutuma agizo lilelile tena. Ndiyo maana kila muamala lazima uwe na nambari yake ya pekee, ili agizo lililorudiwa litambuliwe na lisihesabiwe mara mbili. Nambari za M-Pesa zina herufi na tarakimu kumi, na herufi ya kwanza hufuata mwaka: 2024 ilikuwa S, 2025 ikawa T. Mfumo usio na nambari kama hizo usiguswe hifadhidata yake.

Ripoti nazo huumia. Swali lililokuwa likiunganisha majedwali sita kwa sekunde chache sasa linahitaji kuomba data kwa timu nne, na mara nyingi kampuni hulazimika kujenga hifadhidata nyingine ya kukusanya upya kile ilichotawanya. Wauzaji wa teknolojia hawalitaji sana hili wanapoleta slaidi zao.

Kwa maoni yangu, mipaka ichorwe kwa kufuata kile kisichoweza kuvumilia leja kuchelewa kulingana. Ujumbe wa risiti, picha za vitambulisho, orodha ya mawakala, ripoti: hivyo vinavumilia, basi vitolewe kwanza, kimoja kimoja, nakala ya zamani na mpya zikiendeshwa pamoja na kulinganishwa kila usiku kabla ya kuizima ya zamani. Kutoa na kuingiza pesa vibaki katika leja moja kadiri inavyowezekana. Leja ikizidiwa na wingi wa wateja, hapo igawanywe, na siku hiyo idara ya hesabu iwe imeajiri watu wa kulinganisha kabla wahandisi hawajaandika mstari wa kwanza.