Nairobi kwa Mfuko Mwepesi (Sehemu ya Pili): Jiji la Kutembea kwa Miguu

Katika makala iliyopita tulipiga hesabu ya safari: Kiambere, kule Mbeere, hadi Kiritiri, Kiritiri hadi Embu, kisha takriban kilomita 125 za lami hadi Nairobi. Tuliona kwamba nauli ndiyo gharama ambayo mkulima wa ndengu hawezi kuikwepa. Tuliona pia kwamba anayeweza kuchagua siku asafiri katikati ya juma, mbali na Krismasi, Pasaka na siku za kufungua shule, kwa sababu nyakati hizo bei ya matatu hupanda. Leo tumeshuka kwenye steji ya Tea Room, upande wa Barabara ya River. Ni asubuhi, na pesa zilizobaki mfukoni ni za kuhesabu. Twende wapi?

Wengi wetu tuliotoka mashambani tumelijua jiji hili kupitia sehemu tatu tu: stejini, hospitali au ofisi iliyotuleta, na nyumba ya jamaa tuliyolala. Tunaondoka tukiamini kwamba raha za Nairobi ni za wenye magari. Si kweli. Mambo makubwa ya kuonwa katikati ya jiji ni mali ya umma, na umma ulikwisha kuyalipia. Mtu wa Kiambere amelipa kuliko wengi. Bwawa lake ndilo la mwisho katika msururu wa Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kwenye mto Tana. Lilianza kuzalisha umeme mwaka 1988, baada ya maelfu ya watu kuhama ili kupisha maji. Umeme wa mabwawa hayo husaidia kuwasha taa za Nairobi. Kwa hiyo asitembee mjini kana kwamba amekaribishwa kwa hisani.

Kabla ya kuondoka stejini, hakikisha una vitu vitatu: kitambulisho, simu yenye chaji na salio la M-Pesa. Sehemu nyingi za serikali hutoza raia bei nafuu kuliko mgeni wa nje, lakini raia huthibitishwa kwa kitambulisho. Tena malipo ya serikali siku hizi hupitia eCitizen, na mwenye noti mkononi anaweza kurudishwa langoni. Viingilio hubadilika, kwa hiyo uliza bei ya siku hiyo kabla ya kupanga foleni.

Kituo cha kwanza hakihitaji matatu. Vuka Barabara ya Tom Mboya ufike Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, jengo la zamani lililokuwa benki. Sakafu ya chini ina mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966: vinyago, mavazi, silaha, vito na ala za muziki kutoka pembe nyingi za Afrika. Murumbi alikataa kuwauzia wageni hazina hiyo, akaiuzia serikali ya Kenya. Kiingilio cha raia ni kidogo. Orofani mna hazina nyingine ambayo watu wa Mbeere wachache wanaijua: ripoti ambazo wakuu wa wilaya ya Embu waliandika kila mwaka wakati wa ukoloni, wakieleza mvua, njaa, kodi na mabishano ya ardhi. Mwalimu au kijana wa chuo anayetaka kuzisoma hujiandikisha kama mtafiti. Siku moja katika chumba hicho itamfundisha historia ya kwao zaidi kuliko muhula mzima wa darasani.

Ukitoka nje utaikuta sanamu ya Tom Mboya, iliyosimikwa mwaka 2011. Haiko mbali na mahali alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, kwenye barabara iliyoitwa wakati huo Government Road. Leo ni Moi Avenue. Ifuate kuelekea Haile Selassie Avenue hadi bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7. Hapo ndipo ulipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa mwaka 1998, na majina ya watu 213 waliouawa Nairobi yameandikwa ukutani. Ada ya kuingia ni ndogo, na kuna viti na kivuli. Huenda ukawakuta wafanyakazi wa maofisini wamepumzika hapo, kwa maana bustani hiyo huwafaa walio hai vilevile.

Rudi sasa hadi Barabara ya Kimathi. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, amesimama hapo kwa shaba, bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Sanamu ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Kuitazama ni bure, lakini msomaji wa Embu na Meru asipite haraka. Mnamo Aprili 1954 Waingereza waliuzingira mji huu katika msako wa Mau Mau walioupa jina la Operation Anvil. Waliolengwa walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Wanaume kwa maelfu walipakiwa kwenye malori, wakachujwa na kupelekwa kambi za Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Yaani kuna wakati ambapo kutoka Embu kulitosha kumfukuzisha mtu Nairobi. Kutembea hapa bila kuulizwa unakotoka ni haki iliyopiganiwa.

Hatua chache kutoka hapo, karibu na Msikiti wa Jamia, kuna maktaba ya McMillan, yenye nguzo ndefu na simba wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma ndani yake. Endelea mbele hadi Jeevanjee, bustani ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliutunukia mji mwanzoni mwa karne ya 20. Bustani hii ni ukumbi usio na tiketi. Saa za mchana utasikia wahubiri, wabishi wa siasa na wachekeshaji, kila mmoja na duara lake la wasikilizaji. Karibu nayo kuna vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani, Alliance Française na Goethe-Institut. Maonyesho yao ya picha mara nyingi huwa ya bure, na ratiba hubandikwa mlangoni.

Shuka kwa Kenyatta Avenue hadi inapokutana na Uhuru Highway. Jengo dogo la mawe la mwaka 1913, lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, sasa ni Nairobi Gallery. Vizazi, ndoa na vifo vya koloni viliandikishwa humo, na ndipo ilipowekwa alama ya kilomita sifuri, umbali wa miji mingine ulipoanzia kupimwa. Ng'ambo ya barabara kuu ni Uhuru Park, iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwezi wa Mei 1969. Ilifungwa kwa ukarabati mwaka 2021, kwa hiyo uliza kwanza kama iko wazi na saa za kuingia. Mwaka 1989 chama tawala kilitaka kuinua jumba la orofa 60 ndani yake. Wangari Maathai akapinga, akatukanwa bungeni, na jumba halikujengwa. Mwaka 1992 kina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula kwenye kona ya bustani hiyo, na tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ilitangazwa papo hapo.

Katiba hiyo inatupa kivutio kingine kisicho na bei. Kifungu cha 118 kinasema vikao vya Bunge viwe wazi kwa umma. Jengo liko mwendo mfupi kutoka bustanini. Nenda siku ya kikao ukiwa umevaa nadhifu na una kitambulisho, kisha uombe kuketi kwenye roshani ya wageni. Utamwona mbunge wako akifanya kazi uliyomtuma, au utakiona kiti chake kitupu. Yote mawili ni maarifa.

Njaa ikiuma, usiingie mkahawa wa kwanza wenye vioo. Kula wanakokula mafundi na makanga: vibanda vya Muthurwa na hoteli ndogo za upande wa Barabara ya River, ambako chapati na maharagwe, githeri au ugali na sukuma hujaza tumbo kwa bei ya soda mbili za hotelini. Uliza bei kabla ya kuketi. Muulize vivyo hivyo mpiga picha wa bustanini kabla hajabonyeza kamera, kwa kuwa picha moja uliyodhani imeagizwa hugeuka kuwa sita. Maji beba kutoka nyumbani. Takataka usizitupe barabarani, kwa sababu ukikamatwa na kanjo, yaani askari wa jiji, faini inaweza kuzidi nauli ya kurudi Embu. Simu itoe mahali palipotulia, si ukingoni mwa barabara.

Malazi ndiyo yanayomaliza pesa za wengi. Mwenye ndugu Kayole au Githurai alale kwake, lakini asiende mikono mitupu. Ndengu ambazo dalali huzinunua kwa bei ya kutupa Kiambere zina thamani zaidi Nairobi, na kilo chache ni zawadi inayobakia jikoni baada ya wewe kuondoka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Asiye na ndugu afike mapema asubuhi au alale Embu mjini, ambako vyumba ni nafuu, apande matatu ya kwanza alfajiri na kurudi jioni hiyohiyo. Jioni ndipo kosa la mwisho hutokea, la kujikuta mbali na steji: mvua ikinyesha saa ya watu kutoka kazini, nauli za ndani ya jiji hupanda mara moja. Ukiwa umebaki katikati ya jiji, utarudi stejini kwa miguu.

Mzunguko huu wote huchukua siku moja, na gharama yake ni viingilio vidogo viwili au vitatu na sahani ya chakula. Kinachowazuia watu wetu ni haya ya kuuliza mlangoni, "Raia analipa ngapi?" Uliza bila haya. Wenye shule za Mbeere nao wawapitishe wanafunzi humu wanapokuja Nairobi, badala ya kuwashusha kwenye duka kubwa la vioo. Makala ijayo itahusu vivutio vya kulipia: makumbusho ya taifa, msitu wa Karura, makumbusho ya reli na mbuga ya Nairobi, na jinsi ya kuchagua kimoja tu bila kujuta.