Fidia ya jeraha kazini haifuti akiba ya NSSF

MFANYAKAZI anayeumia katika mashamba ya maua ya Naivasha au viwanda vya mjini Nakuru hukabiliwa na swali zito: je, akilipwa fidia atapoteza manufaa mengine?

Jibu hutegemea chanzo cha pesa. Chini ya Sheria ya Manufaa ya Majeraha Kazini ya 2007, fidia ni mzigo wa mwajiri, anayetakiwa kuwakatia wafanyakazi bima. Ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Kwa mfano, anayelipwa Sh15,000 kwa mwezi na kupoteza asilimia 20 ya uwezo wake, hesabu hufika Sh288,000.

Malipo hayo hayapunguzi akiba ya Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, kwa kuwa hiyo ni michango ya mfanyakazi na mwajiri wake.

Ruzuku ya Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi, ni jambo jingine. Kwa wenye ulemavu mkubwa, hulenga familia maskini; hivyo hali ya mapato nyumbani huzingatiwa.

Hatari kubwa zaidi ni kuchelewa. Dai linapaswa kuwasilishwa katika muda wa miezi 12 tangu ajali. Aidha, Mahakama ya Juu iliidhinisha sheria hiyo mnamo Desemba 2019. Hivyo, majeruhi hawezi kukimbilia mahakamani kumshtaki mwajiri, bali huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Asiporidhika na uamuzi, ana siku 60 za kuupinga.