Tofauti kati ya Sifuri na Thamani Tupu katika Ubadilishanaji wa Data za Biashara Kielektroniki

Katika nyaraka za biashara, sifuri ni jibu: mtu amehesabu akakuta hakuna kitu. Thamani tupu ni ukosefu wa jibu: haijulikani kama kitu kipo au hakipo. Karani aliyekuta nafasi wazi kwenye karatasi aliweza kumuuliza mwenzake. Kompyuta haiulizi, bali hufuata kanuni iliyopewa.

Katika kiwango cha UN/EDIFACT, ambacho sarufi yake imewekwa na ISO 9735, taarifa ya ghala iliyoandikwa QTY+145:0' hutamka kuwa akiba iliyopo ni sifuri. Ikiwa ghala halijahesabiwa, kipengele hicho huachwa. Mpokeaji wa taarifa ya kwanza ana sababu ya kuagiza mzigo. Wa pili bado hana. Vivyo hivyo, katika JSON, null na 0 ni thamani mbili tofauti.

Makosa huzuka hasa pale data inapohama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Mifumo ya zamani yenye nyuga za urefu maalumu inaweza kujaza sifuri penye pengo, na baada ya hapo hakuna njia ya kutambua ni ipi iliyohesabiwa. Kwa mfano, maduka matatu yameuza vipande 10, 20 na 30, na la nne halijaleta taarifa. Hifadhidata ya SQL, ambayo huruka thamani tupu, hutoa wastani wa 20. Pengo likigeuzwa sifuri, wastani hushuka hadi 15.

Katika kodi, athari huwa za kisheria. Kiwango cha ankara cha Ulaya, EN 16931, hutaka msimbo Z, wa bidhaa zinazotozwa kwa kiwango cha sifuri, uambatane na kiwango 0. Msimbo O, wa zisizohusika na kodi hiyo, hauruhusu kiwango chochote kwenye mstari wa bidhaa. Msimbo E, wa msamaha, nao huandikiwa 0. Hivyo basi, sifuri peke yake haitoshi. Maana yake hukamilishwa na msimbo. Nchini Tanzania pia, muuzaji wa bidhaa za kiwango cha sifuri anaweza kudai kodi aliyolipa kwenye manunuzi, ilhali wa bidhaa zilizosamehewa hawezi.

Kwa hiyo, washirika wa biashara hawana budi kukubaliana kimaandishi, kwa kila uga, maana ya sifuri, maana ya pengo, na iwapo pengo linaruhusiwa. Programu inayotafsiri data isijaze kile ambacho mtumaji hakukisema.