Dozi Sita, Saa Sitini: Hesabu ya Malaria Ndani ya Damu

Katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, malaria si ugonjwa mgeni. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulikuta vimelea katika takriban asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7. Tiba iliyozoeleka ni dawa mseto ya ALu. Tatizo huanza siku ya pili: homa imeshuka, mtoto anacheza, na vidonge vilivyobaki huwekwa akiba.

Uigaji wa kihisabati huonesha hatari ya akiba hiyo. Dawa hupungua katika damu kidogo kidogo bila kukoma, kama maji yanayovuja mtungini. Kumeza kidonge, kinyume chake, ni tukio la mara moja: kiwango hupanda, kisha mteremko huanza upya. Programu ya kompyuta inayoiga mfumo wa namna hii hufuata mteremko kwa hatua ndogo ndogo, husimama kwenye saa ya kila tukio, hubadilisha hali, kisha huendelea. Ikiruka tukio moja, majibu yote yanayofuata hupotoka. Mwili nao ni vivyo hivyo.

ALu ina matukio sita: saa 0, 8, 24, 36, 48 na 60. Anayeanza saa 4 asubuhi humeza tena saa 12 jioni, kesho yake saa 4 asubuhi, kisha kila baada ya saa 12.

Artemeta hupunguza vimelea takriban mara 10,000 katika kila mzunguko wao wa saa 48. Mgonjwa mwenye vimelea bilioni 100 hubakiwa na milioni 10 baada ya mzunguko mmoja: nafuu ipo, ugonjwa haujaisha. Baada ya mzunguko wa pili hubaki kama 1,000, ambao humalizwa na lumefantrini inayodumu damuni kwa siku kadhaa. Anayekatiza dozi huikosa akiba hiyo ya damuni, na vimelea huzaana tena.

Lumefantrini hufyonzwa vizuri pamoja na mafuta. Maziwa, karanga au maharage yaliyoungwa kwa mawese hufaa. Anayetapika muda mfupi baada ya kumeza amwarifu mhudumu, kwani tukio hilo halikukamilika.

Basi mhudumu asiseme tu "maliza dawa". Aandike saa zote sita kwenye pakiti, na mgonjwa azirudie kabla ya kuondoka.